Jibu la Kwanza, Jibu la Pili: Falsafa ya Majaribio Mbele ya Kiswahili

Mwaka 2003 mwanafalsafa Joshua Knobe alichapisha matokeo ya jaribio ambalo halikuhitaji maabara wala chombo chochote zaidi ya karatasi. Watu 78 waliokutwa katika bustani ya umma huko Manhattan walipewa kisa cha mistari michache. Makamu wa rais wa kampuni anamwendea mwenyekiti wa bodi na kumwambia kwamba mradi mpya utaleta faida, ila pia utaharibu mazingira. Mwenyekiti anajibu kwamba mazingira hayamshughulishi hata kidogo. Anachotaka ni faida. Mradi unaanza na mazingira yanaharibika. Je, mwenyekiti aliyaharibu kwa makusudi? Asilimia 82 ya waliosoma kisa hicho walijibu ndiyo. Wengine walipewa kisa hichohicho, ila neno moja lilibadilishwa: mradi ungeyasaidia mazingira badala ya kuyaharibu. Mwenyekiti ni yuleyule, maneno yake ni yaleyale, kutojali kwake ni kulekule. Safari hii asilimia 77 walisema kwamba hakuyasaidia kwa makusudi.

Matokeo haya yaliwashtua wanafalsafa kwa sababu yalipindua mpangilio ambao wengi wao waliuchukua kuwa wa kawaida. Ilidhaniwa kwamba mtu huuliza kwanza kama tendo lilikusudiwa, ndipo agawe lawama au sifa. Bustanini ilionekana kana kwamba lawama hutangulia na kusudi huifuata nyuma. Kutokana na kisa hicho na vingine vya aina yake ulikua mkondo unaoitwa falsafa ya majaribio, na kuanzia mwaka 2020, katika makala ya pamoja ambayo Brian Earp alikuwa miongoni mwa waandishi wake, mkondo huo ulipewa tawi rasmi katika maadili ya tiba. Wafuasi wa tawi hili wanataka masuala ya ridhaa ya mgonjwa, utambulisho wa mtu aliyepoteza kumbukumbu na mipaka ya kumkatia mtu matibabu yachunguzwe kwa kuwapa watu wa kawaida visa na kupima majibu yao.

Mhakiki wa fasihi ana la kusema hapa, na si kwa kujipendekeza kwenye uwanja wa wengine. Chombo kikuu cha majaribio haya ni hadithi. Ni hadithi fupi mno, yenye wahusika wasio na majina, mahali pasipo na harufu na msimulizi anayejua kila kitu bila kueleza amekijuaje. Ni utanzu, na utanzu una kanuni zake. Msomaji aliyezoea ngano, tenzi na riwaya za Kiswahili akiuweka utanzu huu mbele yake, ataona mambo ambayo takwimu hazionyeshi.

Haki itendeke kwanza kwa walioanzisha mkondo huu, kwa maana walikuwa na kisa cha kweli dhidi ya wakubwa wao. Falsafa ya Kiingereza ya nusu ya pili ya karne ya 20 ilijaa hadithi za namna hii kabla ya mtu yeyote kuwaza kuzipima. Mwaka 1963 Edmund Gettier alitumia visa viwili katika makala ya kurasa tatu tu kutikisa fasili ya kale ya ujuzi. Mwaka 1971 Judith Jarvis Thomson alimlaza msomaji wake kitandani, ameunganishwa mgongo kwa mgongo na mpiga fidla mashuhuri aliyezirai, anayehitaji figo za mwenziwe kwa miezi tisa. Baada ya kila kisa hufuata neno moja: sisi. Sisi tungesema hivi, sisi tunaona vile. Wanaojaribu waliuliza swali la adabu kabisa: sisi ni nani? Mwaka 2001 Jonathan Weinberg, Shaun Nichols na Stephen Stich waliwauliza wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rutgers, na wakaripoti kwamba wenye asili ya Asia waliyajibu masuala ya Gettier tofauti na wenye asili ya Ulaya. Miaka ilipopita, watafiti wengine waliorudia jaribio hilo hawakuiona tofauti hiyo. Uchunguzi mpana ulioongozwa na Edouard Machery katika Brazili, India, Japani na Marekani, uliochapishwa 2017, ulikuta majibu yanayofanana kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo dai la kwanza lilianguka, na lililiangushwa na njia ileile iliyolizaa. Si kila mapokeo ya fikra yanayoweza kujivunia jambo hilo.

Lakini kupima tena si sawa na kutafsiri tena. Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia.

Chukua neno ambalo kisa cha mwenyekiti kinalitegemea. Mtafsiri wa haraka ataandika “kwa makusudi”, kama ilivyoandikwa hapo juu, na hakuna mhariri atakayemsumbua. Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili analijua neno hili kwa sauti yake. “Umefanya makusudi!” ni shutuma. Mtoto aliyevunja kikombe hujitetea kwamba hakufanya makusudi. Hakuna mtoto anayejisifu kwamba ameosha vyombo makusudi, na akisema hivyo mama yake atauliza kuna nini. Neno lina uchungu ndani yake. Dada yake “kusudi” hana uchungu huo: kusudi la mkutano, kusudi la safari. Na mahakama, ambazo haziwezi kumudu uchungu wa mitaani, husema “kuua kwa kukusudia” na “kuua bila kukusudia”, yaani zimerudi kwenye kitenzi ili zipate kipimo kilichotulia. Lugha basi inampa mtafiti njia tatu za kuuliza swali moja, na njia mojawapo imekwisha kuelemea upande wa lawama kabla mshiriki hajafungua kinywa. Tofauti kati ya asilimia 82 na 23, ambayo kwa Kiingereza ilikuwa ugunduzi juu ya akili ya binadamu, kwa Kiswahili ingeweza kuwa kanuni ya matumizi ya neno, jambo ambalo mwalimu wa sekondari angelieleza ubaoni kwa dakika tano.

Watetezi wa mkondo watajibu kwamba hilo halijawapita. Mwaka 2006 Knobe na Arudra Burra walikipeleka kisa katika Kihindi, wakatumia maneno mawili tofauti, na tofauti ya majibu ikabaki. Jibu hilo ni zuri. Linaonyesha kwamba wenye uangalifu wanajua kuwa tafsiri ni sehemu ya jaribio. Haliwaondolei mzigo wale, nao ni wengi zaidi, wanaoichukua tafsiri kama kazi ya ofisini: mtu mmoja atafsiri kwenda, mwingine atafsiri kurudi, na Kiingereza kilichorudi kikifanana na kile kilichokwenda, kazi imekwisha. “Makusudi” litarudi salama kila mara. Uchungu wake hauvuki mpaka, wala hakuna anayeukagua.

Katika maadili ya tiba gharama ya uzembe huu hupanda, kwa sababu mwisho wa safari si makala bali kitanda cha hospitali. Neno la msingi la taaluma nzima, lile linalomtaka daktari apate kukubali kwa mgonjwa baada ya kumweleza, lina angalau makao mawili katika Kiswahili. Fomu nyingine huandika “ridhaa”, nyingine “idhini”. Yote mawili yametoka Kiarabu, na huko ndiko kufanana kwao kunakoishia. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: mwalimu humpa mwanafunzi idhini ya kutoka, serikali hutoa idhini ya kujenga. Ridhaa ni ndugu wa radhi. Ndani yake mna moyo uliotulia, radhi za wazazi, “niwie radhi” ya aliyekosa. Mtu anaweza kutoa idhini bila kuridhia, na sentensi hiyo haina kasoro yoyote. Kila aliyewahi kusaini karatasi huku jamaa wamemzunguka kitandani anaielewa. Anaweza pia kuridhia bila kutoa idhini, kama mama anayenyamaza huku ameinamisha kichwa.

Roseanna Sommers alionyesha mwaka 2020 kwamba washiriki wengi wa Marekani huona kuwa mtu aliyedanganywa juu ya jambo la msingi bado amekubali kikamilifu, kinyume na sheria na maadili yanavyofundisha. Ni utafiti wa kuheshimiwa, na umewafanya wanasheria wauangalie upya msamiati wao. Lakini ukiulizwa kwa Kiswahili ni swali gani hasa? “Je, alitoa idhini?” Pengine ndiyo: alisaini, mamlaka ilitumika. “Je, aliridhia?” Hapa anayejibu anaweza kusita, kwa kuwa moyo uliotulia juu ya uongo umetulia juu ya kitu ambacho hakipo. Inawezekana kabisa kwamba maneno haya mawili yangetoa takwimu mbili zinazopingana kutoka kwa watu walewale siku ileile. Mtafiti asiyelijua hilo angetangaza kwamba Waswahili wana msimamo fulani juu ya udanganyifu, ilhali angekuwa amepima chaguo la mtafsiri wake. Wakalimani wa hospitali za Uingereza na Marekani, ambao kila wiki huchagua kati ya maneno haya bila mtu kuwauliza kwa nini, wangeweza kumwonya.

Afadhali hata mtafsiri mzembe kuliko kutokuwapo kabisa. Jaribio kubwa kuliko yote ya aina hii lilifanywa kwa mtandao na kuchapishwa 2018 na Edmond Awad na wenzake: gari lisilo na dereva limeshindwa breki, ni nani aokolewe? Liliwavuta watu kutoka nchi na maeneo 233 na kukusanya maamuzi yapatayo milioni 40. Lilipatikana katika lugha 10, na Kiswahili hakikuwamo. Aliyetaka kushiriki kutoka Mwanza, Lubumbashi au Lamu ilimbidi aingie kwa mlango wa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu, na jibu lake likahesabiwa kuwa sauti ya nchi yake. Linaitwa jaribio la ulimwengu. Neno “ulimwengu” limezoea kubeba mizigo isiyo yake.

Lipo jambo la ndani zaidi kuliko tafsiri, nalo ni umbo la kisa chenyewe. Mwaka 1967 Philippa Foot alichapisha makala iliyoleta katika falsafa lile behewa linaloshuka reli kuelekea watu watano. Katika makala hiyohiyo mna mfano unaosahauliwa: watu kadhaa watapona iwapo mtu mmoja atauawa na dawa itengenezwe kutokana na maiti yake. Mwaka uleule wa 1967 ilitoka riwaya ya Shaaban Robert, *Kufikirika*, miaka mitano baada ya mwandishi wake kufariki. Huko nako yumo mgonjwa, naye ni mtoto wa mfalme aliyepatikana kwa shida baada ya waganga wa kila namna kuitwa. Na tiba inayotajwa ni kafara ya watu wawili, mmoja mwerevu na mmoja mjinga. Jina la nchi ni tamko la mbinu: ni nchi ya kufikiriwa, kama vile *Kusadikika* ya 1951 ilivyo ya kusadikiwa. Jaribio la mawazo, basi, lilikuwa na makao katika nathari ya Kiswahili bila kuazima jina kwa mtu.

Tofauti ya visa viwili hivi inafundisha. Kwa Foot, anayefanywa dawa hana jina, hana mama, hasemi. Msomaji huulizwa mara moja: yafaa au haifai? Kwa Shaaban Robert swali huchukua kitabu kizima kuiva. Kuna sheria za nchi, kuna hofu ya mfalme, kuna waganga wenye masilahi katika utabiri wao, kuna mwalimu anayeitwa Utubusara Ujingahasara, ambaye jina lake peke yake linavuruga mgawanyo ambao kafara inautegemea. Nani ataamua ni nani mjinga? Swali hilo haliwezi kuulizwa katika mistari sita, kwa sababu mistari sita imekwisha kulijibu: msimulizi amesema huyu ni mjinga na yule ni mwerevu, na mshiriki hana ruhusa ya kubisha.

Ruhusa hiyo kweli hana. Katika majaribio mengi ya aina hii huwekwa maswali ya kuhakiki kama mshiriki amekielewa kisa, na anayekosea huondolewa kwenye hesabu. Kitakwimu hatua hiyo ina sababu zake. Lakini fikiria anayesoma kisa cha mgonjwa asiyejitambua na daktari anayetaka kuzima mashine, kisha akauliza: kwani huyu mgonjwa hana ndugu? Kisa hakikutaja ndugu, maana ndugu wangechafua kipimo. Anayeuliza ameonekana kwamba hakuzingatia, naye anatupwa nje pamoja na waliobonyeza ovyo. Yumkini yeye ndiye aliyeanza kufalsafa.

Hapa inafaa kumkumbuka Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye tangu miaka ya 1970 aliongoza mazungumzo na wazee wa Kenya mashuhuri kwa hekima, Mzee Paul Mbuya Akoko akiwa mmoja wao, na kuyakusanya katika kitabu chake cha 1990. Wanaojaribu wa leo humtaja kwa nadra. Oruka naye alikwenda kwa watu, naye alikataa “sisi” ya mwanafalsafa aliyeketi kitini. Lakini alibagua kati ya mzee anayesimulia vizuri yale ambayo jamii yake huyaamini na mzee anayeweza kusimama kando ya imani hizo na kuzihukumu. Tofauti hiyo haionekani katika jibu la kwanza. Mtafiti alitakiwa kubisha, kurudi, kumpinga mzee, kumtaka atoe sababu. Falsafa ilitafutwa katika jibu la pili. Nchini Nijeria, Barry Hallen na J. Olubi Sodipo walifanya kazi ya jirani na waganga wa Kiyoruba, na kitabu chao cha 1986 kiliitwa bila haya majaribio ya uchambuzi. Walikuta kwamba neno la Kiyoruba ambalo kamusi hulitafsiri kuwa “kujua” hutumika kwa yale mtu aliyoyaona kwa macho yake. Yaliyopokewa kwa wengine, yakiwamo karibu yote ya vitabuni, huangukia neno jingine. Fomu ya hojaji isingelifikia hilo, kwani fomu ilihitaji kuwa na neno “kujua” tayari ndipo iulize.

Njia ya Oruka ina aibu zake, na si vyema kuzifunika kwa mapenzi ya nyumbani. Nani alimchagua mzee? Kwa nini wanawake ni wachache namna ile? Msaili anayebisha anaweza kupanda mawazo yake kisha akayavuna kama ya mzee, na hakuna wa kurudia usaili ule kuthibitisha. Hojaji, pamoja na ubaridi wake wote, inaweza kurudiwa. Anayeandika insha hizi za kusifu hekima ya wahenga bila kuwahi kumhesabu mtu yeyote hana haki ya kuwacheka wenye asilimia.

Uzito wa suala hili unaonekana vizuri zaidi katika neno mumiani. Kwa vizazi kadhaa katika Afrika Mashariki wamekuwapo watu waliosadiki kwamba wako wanaonyonya damu za wenzao kwa kuiuza au kuifanya dawa. Luise White aliandika mwaka 2000 kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo ya enzi za ukoloni, akakataa kuichukua kama ujinga. Aliisoma kama historia, namna ya watu kusema juu ya kazi, dola na miili yao. Sasa, huko Kilifi katika pwani ya Kenya, ambako utafiti mkubwa wa tiba umefanywa kwa miongo kadhaa, Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh walichapisha 2004 uchunguzi ulioonyesha kwamba wazazi wengi ambao watoto wao walikuwa ndani ya tafiti hawakuutenganisha utafiti na matibabu. Uchunguzi huo ulikaa na watu, ukasikiliza, nao ni mfano wa majaribio yanayojua mipaka yake.

Weka mambo haya mawili pamoja. Mzazi anayeulizwa kama daktari achukue damu kidogo zaidi kwa ajili ya utafiti, akauliza damu hiyo inakwenda wapi na nani ataifaidi, anaweza kuandikwa kuwa mwenye imani potofu, au mshiriki ambaye hakuelewa kisa. Anaweza pia kusomwa kuwa amekataa sharti la kisa, kwamba damu ikitoka mwilini hadithi imekwisha. Falsafa ya majaribio, kwa jinsi inavyofanywa sehemu nyingi, haina safu ya kuandikia kukataa huko. Na kwa kuwa matokeo yake sasa yanapelekwa mbele ya kamati za maadili kuwa ushahidi wa “wanavyoona watu”, ukosefu wa safu moja unaweza kugeuka kuwa sera.

Vivyo hivyo utu. Nina Strohminger na Shaun Nichols walionyesha mwaka 2014 kwamba washiriki wao huona tabia za kimaadili kuwa kiini cha nafsi kuliko kumbukumbu. Mwaka uliofuata waligundua kwamba familia za wagonjwa ambao ugonjwa wa ubongo umebadilisha mwenendo wao huhisi zaidi kuwa mtu wao amekuwa mwingine, kuliko familia za waliopoteza kumbukumbu. Msomaji wa Kiswahili atatabasamu, kwa kuwa lugha yake humwambia mkatili “huyo si mtu” kila siku, na Kai Kresse ameandika kwa kina jinsi utu unavyojadiliwa Mombasa. Tabasamu hilo lina hatari. “Si mtu” ya Kiswahili ni hukumu juu ya anayeweza kujirudi. Haijawahi kuwa kauli juu ya mzee aliyepooza ubongo, na anayemwambia mzee huyo hivyo ndiye atakayeambiwa kwamba amekosa utu. Mtafiti akiuliza kwa Kiswahili kama mgonjwa “bado ni mtu yuleyule”, atapata pamoja na jibu la swali lake majibu ya swali jingine, la adabu: je, inafaa kulisema hilo juu ya mzazi? Namna ya kuyatenganisha mawili hayo ni kumuuliza tena anayejibu, kwa maneno yake mwenyewe, akiwa na nafasi ya kusema kwamba swali limekosewa, na mtu wa kuliandika jibu hilo la pili awepo.